Uliza Mwalimu: "inflammable" inashika moto ama haishiki?

Mwezi huu barua nyingi zimegongana mahali pamoja, watu wanauliza yale maneno ya Kiingereza yanayofanana sura lakini maana kila moja ina lake. Nimezisoma zote na sikuzipanga kwa aliyetuma mwanzo, nimezipanga kwa uzito, manake kuna maneno ukiyachanganya utachekwa kidogo na yatapita, na kuna mengine ukiyachanganya mtu anaweza kuumia. Tuanze na hayo mazito.

Mwalimu, salaam aleikum. Mimi ni taniboi, tunapakia mafuta huku Changamwe. Tanka zingine zimeandikwa kwa nyuma highly flammable, zingine highly inflammable. Mwenzangu ashikilia kwamba ile yenye in ndio haishiki moto, eti in ni ya kukataa kama vile correct na incorrect. Nikimsikiza naona ana pointi, lakini mzigo najua ni petroli ile ile. Nani mkweli?
*Taniboi, Changamwe*

Waaleikum salaam ndugu yangu. Huo mzigo ndio umekwambia ukweli, ni petroli ile ile na maneno yote mawili yanasema kitu kimoja: kinashika moto, tena haraka. Mwenzako mwambie leo leo, usingoje mpaka mmalize safari.

Lakini usimwone mjinga, manake hapo amefikiria vizuri, Kiingereza ndicho kimemtega. Kuna in mbili zimetoka Kilatini na zinaandikwa sawasawa. Moja ni ya kukataa, ndio hio ya incorrect, invisible, incomplete. Nyingine ni ya kutia ndani, utaiona kwa inhale ambayo ni kuvuta pumzi ndani, na kwa inflame ambayo ni kuwasha, na inflammable imezaliwa hapo. Hata daktari akikwambia goti lako lina inflammation ana maana limefura na lina joto, kama linawaka kwa ndani, hana maana limezimika. Katika haya mawili inflammable ndio mkubwa, flammable alikuja nyuma, na miaka ya 1920 kule Marekani chama cha kukinga moto, National Fire Protection Association, kilianza kuwahimiza watu waandike flammable kwa sababu hio hio iliyompata mwenzako, waliogopa mtu ataona in adhani yuko salama. Ndio maana alama mpya nyingi utaziona na flammable, lakini ile nyingine bado iko kwa malori na mitungi na itakuwako. Kitu kisichoshika moto kinaitwa non-flammable. Kama hujaiona hio non usiguse kiberiti.

Na maneno yakikuchanganya yaache utazame alama, ile almasi nyekundu yenye picha ya moto na namba 3 kwa chini, hio 3 ni kundi la vitu vya majimaji vinavyoshika moto kwa mpango wa Umoja wa Mataifa wa kusafirisha mizigo ya hatari. Kisha kuna namba ya mzigo wenyewe, ukiona 1203 ni petroli, 1202 ni dizeli, 1223 ni mafuta ya taa. Namba hazina in wala non za kukuzungusha akili.

Nalisema hili kwa mkazo manake twajua petroli inafanya nini. Januari 2009 pale Sachang'wan karibu na Molo tanka lilianguka, watu wakakimbilia na mitungi kuchota, moto ukalipuka wakafa zaidi ya watu 100. Wale hawakufa kwa sababu ya spelingi, lakini mtu anayefanya kazi karibu na huo mzigo kila siku ana haki ya kuelewa kila neno lililoandikwa juu yake, na kama bosi wenu hajawahi kuwaeleza basi muulizeni.

Mwalimu shikamoo. Mama amepimwa kliniki akaandikiwa hypertension. Kakangu alipotuma mesej kwa grupu ya familia akaandika hypotension, sasa shangazi yetu kule Kwale amepiga simu anasema mama apewe vitu vya chumvi apate nguvu. Mimi nikamwambia ngoja kwanza niulize. Je, si ni ugonjwa mmoja?
*Binti wa Likoni*

Marahaba mwanangu, na umefanya vyema sana kungoja. Si ugonjwa mmoja, ni kinyume kabisa, na hio chumvi ya shangazi ndio kitu mama hatakiwi kuongezewa.

Hypertension ni presha ya kupanda. Hypotension ni presha ya kushuka. Sisi kwa Kiswahili tumeyasema wazi mpaka mtoto anaelewa, lakini Kiingereza kimechukua maneno mawili ya Kigiriki, hyper ni juu na hypo ni chini, kikayaachia herufi kidogo tu za kuyatenganisha, na kwa mwandiko wa daktari hizo herufi zinapotea. Kwa hio kwanza tazama namba, namba hazikudanganyi. Presha ya mtu mzima ikipimwa siku mbili tofauti na siku zote mbili ikawa 140 kwa 90 ama zaidi, hio ni ya kupanda. Ya kushuka kwa kawaida ni ile iliyo chini ya 90 kwa 60. Angalia kwa karatasi ya mama ni ipi, kisha rudi kliniki hapo hapo umuulize muuguzi akusomee, hakuna aibu hata kidogo kumuuliza.

Wanafunzi wangu nawafundisha hivi: hypo ina po, po ya kuporomoka. Hyper ina pe, pe ya kupeperuka juu. Ukishika hio hutasahau tena.

Na ndio hivo hivo kwa sukari. Hyperglycaemia sukari imepanda, hypoglycaemia imeshuka, na hapa kwa sukari naomba kila mwenye mgonjwa nyumbani asome mara mbili. Sukari ikishuka chini ya 3.9 kwa kile kipimo tunachotumia Kenya (mmol/L), mtu anaanza kutetemeka, jasho, moyo unaenda mbio, anaongea vitu havieleweki, na huyo anataka kitu kitamu haraka, soda ya kawaida ama maji ya sukari, bora awe macho na anaweza kumeza. Akiwa amezimia usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Sasa fikiria mtu amesoma hypo akadhani ni hyper akampiga insulini huyo mgonjwa ambaye sukari yake tayari iko chini. Hapo tena si maneno ya kiswahili na kiingereza, ni roho ya mtu.

Na ukiwa hapo kwa mambo ya hospitali shika na hili, prescribe ni kuandikiwa dawa na proscribe ni kupigwa marufuku. Herufi moja tu. Bahati nzuri proscribe utaikuta zaidi kwa karatasi za serikali na vikundi vilivyoharamishwa kuliko kwa chemisti.

Habari mwalimu. Natembeza wageni Fort Jesus na Old Town. Kuna mgeni alinirekebisha, mimi nilisema this is a historical day in Mombasa yeye akasema historic. Nikaona aah, si yote ni historia? Nifafanulie nisije nikaaibika tena mbele ya watu.
*Mwongoza watalii, Mji wa Kale*

Nzuri kaka. Historia ni hio moja lakini mlango ni miwili. Historic ni kitu kikubwa, kimeacha alama kwa historia, watu wanakikumbuka. Historical ni kitu chochote kinachohusu mambo ya zamani, kiwe kikubwa kiwe kidogo.

Wewe kazini kwako una mifano mizuri kuliko ya kitabu chochote. Wareno walianza kujenga ile ngome 1593 wakamaliza 1596, na mwaka 2011 UNESCO wakaiandika kuwa urithi wa dunia, basi hio ni historic fort bila ubishi. Na kule kuzingirwa kwake, Waomani walivyoizunguka kuanzia 1696 mpaka wakaichukua 1698 na watu wakawa wanakufa njaa na maradhi kule ndani, hio ni historic siege manake iligeuza nani anatawala huu mwambao wetu. Lakini kile kigae cha chungu kilichovunjika ambacho kiko kwa kabati la makumbusho, hicho ni historical object, kinatueleza ya zamani, hakuna vita vilivyopiganwa kwa sababu yake. Mtu akitunga hadithi ya mabaharia wa enzi hizo ameandika historical novel, na hio novel ikibadilisha dunia ndio itaitwa historic. Kwa hio siku kubwa ya Mombasa ni historic day, mgeni wako alisema kweli, ingawa angengoja mumalize mzunguko akuvute kando akwambie pole pole.

Na ndugu yake huyo ni economic na economical. Economic ni ya uchumi, ndio wameandika Special Economic Zone kule Dongo Kundu. Economical ni isiyokula sana pesa ama mafuta, kama vile mtu anakwambia tuktuk yake ni economical. Ukisema Dongo Kundu ni economical zone umesema ni eneo bahili.

Mwalimu, mimi nafundisha shule ya msingi. Watoto wanaandika I leave in Mombasa badala ya live, this na these hawajui tofauti, fill na feel ni hivo hivo. Mimi naona ni uvivu tu wa kizazi hiki na simu zao. Wewe waonaje?
*Mwalimu wa Kisauni*

Mwalimu mwenzangu, hapa kwa heshima zote mimi na wewe tunaachana njia. Si uvivu, na si simu.

Kiswahili kina vokali tano, a e i o u, basi. Kiingereza cha Uingereza wanahesabu sauti za vokali kama 20 ukiweka na zile za kuunganisha. Sasa mtoto wetu sikio lake limelelewa na i moja, unamletea i fupi ya live na i ndefu ya leave, yeye anazisikia zote ni i, na akienda kuandika anaandika yoyote itakayomjia manake kwake yeye ni neno moja lenye nguo mbili. Hat na hut na heart kwake zote ni hat. Pull na pool ni moja. Utamwita mvivu kwa kitu ambacho hakisikii?

Na sisi watu wa Mvita tungekuwa wa mwisho kushangaa hili, manake lugha yetu wenyewe inafanya hivo hivo kwa wageni. Taa ya kuwasha usiku na t'aa samaki, yule tunayemkausha. Paa la nyumba na p'aa mnyama wa porini. Kaa la moto na k'aa wa baharini. Mtu aliyekulia Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, anasikia ile pumzi inavyotoka kwa yale yenye alama wala hafikirii, lakini mlete mtu wa bara, hata profesa, umwambie taa na t'aa mara kumi atakwambia hajasikia tofauti yoyote, na kwa kuandika Kiswahili sanifu kimeamua yote yaandikwe taa. Hakuna mtu anamwita huyo mvivu. Sikio lake halikulelewa hapo tu.

Kwa hio dawa ni sikio kwanza, kalamu baadaye. Waambie watoto wavute mdomo kama wanaotabasamu kwa leave na feel na these, iwe ndefu mpaka wacheke, kisha walegeze mdomo na wakatize haraka kwa live na fill na this. Wafanye wawili wawili, mmoja anasema, mwenzake ananyanyua kidole kimoja kwa fupi na viwili kwa ndefu. Usiwape spelingi kabla vidole havijaanza kunyanyuka sawa. Inachukua muda lakini ikishaingia imeingia, na mtoto hajisikii mjinga, hio kwangu mimi ni nusu ya kazi.

Mwalimu nimefungua duka la vitabu na kalamu hapa Mwembe Tayari, fundi wa bango ameniandikia Stationary. Mteja akanicheka. Nimlipe fundi ama nisimlipe?
*Mama Duka*

Mama hongera kwa duka, Mungu akubariki. Alivyoandika fundi inasema duka limesimama tu haliendi popote. Stationary ya a ni kitu kilichotulia, kama gari lililopaki. Stationery ya e ni karatasi, bahasha, kalamu, na e ya envelope ndio ya kukukumbusha.

Lakini wajua haya mawili yametoka tumbo moja? Zamani kule Ulaya wauzaji wengi walikuwa wanazunguka na bidhaa zao, na yule aliyekuwa na duka la kukaa mahali pamoja, hasa muuza vitabu, aliitwa kwa Kilatini stationarius, yaani huyu ana kituo. Ndio akawa stationer, na anachouza kikawa stationery. Kwa hio wewe mama ni stationer kamili, umekaa mahali pamoja unauza vitabu. Fundi mlipe lakini abadilishe kwanza hio a, ni herufi moja haimalizi hata kopo la rangi.

Sir, licence ama license? Advice ama advise? Practice ama practise? Simu yangu inanirekebisha kila saa.
*Kijana wa kutafuta kazi, Tudor*

Sisi twafuata spelingi ya Uingereza, na hapo sheria ni rahisi: jina la kitu ni c, kitendo ni s. Nipe advice, nitakushukuru uki-advise na mwenzangu. Nina driving licence, serikali ime-license gari langu. Wakili ana practice yake mjini, na cheti anachochukua kila mwaka kinaitwa practising certificate, kwa s, manake ni cha kufanya kazi. Advice na advise uzuri wake hata sikio linakusaidia, ya kitendo inatoka na z.

Linalotuponza sisi kwa licence ni Kiswahili chenyewe, twaandika leseni kwa s, basi mkono unaenda na s hio hio mpaka kwa Kiingereza. La pili ni simu. Simu nyingi zinakuja zimewekwa Kiingereza cha Marekani, na Wamarekani wao wanatumia license kwa yote mawili na practice kwa yote mawili, kwa hio ukiandika sawa simu inaona umekosea. Ingia kwa setingi za kibodi uweke Kiingereza cha Uingereza kabla ya kuandika sivii yako. Na kwa hio sivii angalia personal na personnel, ya kwanza ni yako binafsi, ya pili ni wafanyakazi, barua ukiielekeza kwa Personal Manager umemfanya meneja wako wa binafsi.

Affect na effect? Kwa ufupi tafadhali, nina mtihani.
*Mwanafunzi, Mtongwe*

Affect kitendo, effect matokeo. Mvua ili-affect feri, effect yake ni foleni. Ile effect ya kitendo iko, kuleta kitu kikawa, lakini kwa mtihani wako hutaihitaji. Kila la heri.

Mwalimu, kwa fomu ya mkopo kuna principal na mimi najua principal ni mwalimu mkuu. Imeingiaje hapa?
*Mfanyabiashara, Kongowea*

Principal maana yake ya asili ni cha kwanza, kikuu. Kwa shule ni mkuu wa shule. Kwa mkopo ni zile pesa zenyewe ulizokopa, ndio kubwa, riba inafuata nyuma. Kuwa macho sana hapo: kuna mikopo riba yake inahesabiwa kwa principal yote uliyoanza nayo hata kama ushalipa nusu, na mingine inahesabiwa kwa iliyobaki peke yake. Asilimia ya riba ikiwa ni ile ile, ya pili ni nafuu kwako. Waulize ni ipi kabla hujaweka sahihi, na wakuandikie. Principle ya le ni kanuni, msimamo wa mtu, hio kwa fomu ya mkopo hutaikuta.

Mwalimu nimekosana na mchumba wangu. Nikamtumia I don't want to loose you, akanijibu kwa spelingi tu, hakujibu lingine. Nimekosea wapi?
*Kijana wa Bamburi*

Pole mwanangu. Loose ya o mbili ni kulegea, kama nati iliyolegea ama suruali inayokuvuka. Lose ya o moja ni kupoteza, na hio ndio ulikuwa unaitaka. Kusikia pia kuna tofauti, loose inaisha na s na lose inaisha na z.

Lakini amekujibu, na mtu asiyetaka tena mazungumzo haangalii hata spelingi. Mwandikie upya leo jioni, kwa Kiswahili, umwambie ni nini hasa ulichomkosea, kisha umpe nafasi asome.